Jinsi ya Kutangaza Tukio la Biashara Mjini Moshi Hadi Watu Wafike

Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia kuandaa siku ya maonyesho ya mafundi seremala na washonaji hapa Moshi. Tulichapisha vipeperushi 500, tukakodi gari lenye vipaza sauti lililozunguka Majengo, Njoro na Pasua kwa siku mbili, na asubuhi ya tukio tukapanga viti 150. Hadi adhuhuri walikuwa wameketi watu wasiozidi 30. Niliwauliza mmoja mmoja walivyopata habari, na karibu wote walinitajia jina la mtu: shemeji yake fundi fulani, jirani wa dukani, mwenzao wa VICOBA, yaani kikundi cha kuweka na kukopa. Vipeperushi walikuwa wameviona na gari walikuwa wamelisikia, lakini kilichowatoa nyumbani ni mtu waliyemfahamu aliyewaambia, "Jumamosi mimi nitakuwepo, nawe uje."

Tangu siku hiyo kila ninapopanga matangazo huanzia hapo. Maelekezo haya yanamhusu mwenye duka, kikundi cha wajasiriamali au kampuni ndogo inayotaka kuzindua bidhaa, kufungua tawi, kufanya semina au kuonyesha kazi zake, na ambayo haina fedha za kununua mabango makubwa ya barabarani. Njia nitakazozitaja zinatofautiana, lakini zote nimezipima kwa swali moja: je, mwisho wake kuna mtu atakayemwambia mwenzake kwa jina lake, "njoo"?

Siku kwanza, ukumbi baadaye

Mji wetu una majira yake, na hakuna tangazo linaloweza kuliokoa tukio lililowekwa siku mbaya. Januari wazazi wanahesabu ada, madaftari na sare, kwa hiyo maonyesho ya samani mwezi huo yatapata watazamaji bila wanunuzi. Machi hadi Mei ni masika, na mvua ikianza alfajiri mtu wa Kibosho au Machame hateremki mjini bila sababu nzito. Kila mwaka, kati ya mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi, kuna mbio za Kilimanjaro Marathon, ambazo tangu zilipoanza mwaka 2003 zimekuwa zikijaza nyumba za wageni. Wikendi hiyo inamfaa anayeuza vinywaji, kofia au vinyago, lakini haimfai anayetaka wakazi watulie ukumbini wasikilize semina.

Kipindi chenye neema kuliko vyote ni wiki ya mwisho ya Desemba. Wachagga waliotawanyika Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na kwingineko hurudi nyumbani kwa Krismasi, mabasi hujaa, na huko migombani kila ukoo huwa na kikao, kipaimara au harusi. Watu hao huja na fedha za likizo, lakini muda wao umeshagawanywa kabla hawajapanda basi. Ukilenga tarehe 27 hadi 30, habari yako lazima iwafikie wakiwa bado huko waliko, kufikia katikati ya Novemba, kupitia vikundi vya ukoo vya WhatsApp ambamo ndimo ratiba ya Desemba inamopangwa. Mwombe ndugu aliyemo ndani ya kikundi aieleze kwa maneno yake mwenyewe, kwa kuwa tangazo la biashara likitupwa na mgeni katikati ya mazungumzo ya msiba na michango huonekana ni ukosefu wa adabu, na hasira ya wanaukoo humwangukia aliyekuingiza.

Unda kamati kama ya harusi

Katika nchi hii hakuna wanaojua kukusanya watu kuliko kamati za harusi, na ni jambo la kusikitisha kwamba wafanyabiashara wengi ambao wenyewe wamekuwa wenyeviti au waweka hazina wa kamati hizo huuacha ujuzi huo nyumbani wanapofika kwenye shughuli za kazi. Kamati ya harusi huanza na daftari la majina. Kila jina lina mtu aliyelileta, kila mtu aliyelileta ana siku ya kutoa ripoti, na asiyejibu hupigiwa simu kwa upole mpaka ajibu. Utaratibu huo unafaa kwa tukio la biashara bila kubadilishwa sana.

Tafuta watu 20 wenye uhusiano wa kweli na kazi yako: wafanyakazi, wateja wa muda mrefu, wanaokuletea malighafi, majirani wa dukani. Mpe kila mmoja kadi 10. Hapo una waalikwa 200, na kila mmoja wao ana mtu anayesubiri jibu lake. Kadi iwe na mstari mtupu wa jina, na jina liandikwe kwa mkono kabla kadi haijamfikia mhusika. Kadi isiyo na jina hupokelewa kama kipeperushi, hukunjwa na kuachwa mezani. Lakini mama akiona ameandikiwa "Mama Neema na mwenzi wake" kwa mwandiko safi, huichomeka kwenye kioo cha kabati la vyombo pamoja na kadi za harusi za mwezi huo, na kila akifungua kabati kutoa vikombe anaiona tena.

Daftari liwe moja, nalo lishikwe na mtu mmoja mwenye lugha nzuri kwenye simu. Ndani yake chora safu tano: jina la mwalikwa, namba yake, aliyemwalika, jibu lake, na tarehe ya kumkumbusha. Waalikaji wakutane kila Jumapili jioni kwa wiki tatu, hata kama ni kwa nusu saa, na kila mmoja asome majina yake. Mambo mengi hujitokeza katika vikao hivi kuliko katika ofisi ya mpiga chapa. Mmoja atasema waalikwa wake wanne wana ubatizo siku hiyo hiyo. Mwingine atasema watu wanauliza kama watoto wanaruhusiwa. Wa tatu atasema watu hawajaelewa kinachofanyika huko ukumbini. Taarifa ya namna hiyo ukiipata wiki tatu kabla, unaweza kurekebisha. Ukiipata asubuhi ya tukio, umechelewa.

Kuhusu kiingilio, nimeona kwamba tukio la bure kabisa huahirishwa kirahisi moyoni mwa mtu. Ninapendelea kadi ya shilingi 2,000 ambayo siku ya tukio hugeuka kuwa punguzo la shilingi 2,000 kwa bidhaa yoyote. Anayenunua hapotezi kitu akifika, na aliyekwisha kutoa fedha, hata kidogo, huweka alama kwenye kalenda yake.

Waonyeshe kazi ikiwa haijakamilika

Mwaka uliofuata tulirudia maonyesho yale, na safari hii fundi mmoja alikubali kuchonga mlango wa mninga wenye paneli sita kwenye baraza la duka karibu na Soko la Mbuyuni, paneli moja kwa siku kuanzia Jumatatu. Pembeni tuliweka kibao kidogo kilichosema kwamba paneli ya sita itachongwa Jumamosi saa 4 asubuhi ukumbini, na kwamba mlango utauzwa siku hiyo. Jumatatu watu walipita tu. Jumanne walisimama watoto waliokuwa wakiokota maranda yaliyojikunja kama pete. Jumatano mzee mmoja anayeuza ndizi alimuuliza fundi kwa nini patasi yake inazunguka jani la mgomba alilokuwa akilichonga kwenye paneli badala ya kulikata moja kwa moja, akajibiwa kwamba patasi ikienda kinyume na nyuzi, mbao hunyofoka na paneli nzima huharibika. Alhamisi mzee yule alirudi na wenzake wawili, na sasa yeye ndiye aliyekuwa akiwaeleza habari za nyuzi, huku fundi akiendelea na kazi bila kusema neno. Jumamosi wote watatu walikuwa safu ya mbele.

Ninaeleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu ndiyo njia iliyotuletea watu wengi kwa gharama ndogo kuliko nyingine zote. Mtu aliyeona mwanzo wa kazi hutaka kuona mwisho wake, na akiwa amejifunza jambo moja njiani, hulibeba na kulipeleka kwa wengine kana kwamba ni lake. Mshonaji anaweza kudarizi vazi moja dirishani kwa wiki nzima. Anayekaanga kahawa ana bahati zaidi, maana harufu humtangulia barabara nzima, na ni jambo la heshima kwamba mkazi wa mji ulio chini ya mashamba ya kahawa, mji wenye chama kikuu cha ushirika cha KNCU tangu mwaka 1933, aonje kahawa ya mlima wake ikiwa imekaangwa mbele ya macho yake. Kama unachouza hakishikiki, kwa mfano huduma ya hesabu au ushauri wa kodi, weka meza na viti viwili mahali penye watu, mpe kila anayekuja dakika tano na jibu la swali moja, kisha umwambie kwamba mengine yatafafanuliwa kwenye semina. Jibu hilo moja liwe kamili na la kweli. Anayepewa nusu ya jibu ili avutwe, huondoka akiwa na shaka.

Vijiwe, daladala, soko na nyumba za ibada

Kila jioni wauza kahawa wa birika huwa na watu wao: wazee, madereva, mafundi, vijana wanaobishana kuhusu mpira. Nenda kwenye kijiwe kimoja, salimia kama inavyopasa, zungumza kwanza na muuzaji, kisha ulipie vikombe na kashata za jioni moja. Ukishaulizwa shughuli yako, eleza kwa dakika tatu, jibu maswali, uage. Usigawe karatasi hapo. Siku ya pili nenda kijiwe kingine. Kazi hii haiwezi kufanywa na kijana uliyemkodi kwa siku moja. Inamtaka mwenye biashara mwenyewe, kwa kuwa watu wanataka kumwona yule watakayemlaumu bidhaa ikiharibika.

Madereva wa bodaboda na bajaji wapewe nafasi ya pekee. Siku ya tukio wao ndio watakaoulizwa ukumbi uko wapi, na dereva asiyejua atampeleka mgeni kwingine au atamwambia hakuna kitu kama hicho. Wiki moja kabla, mtafute kiongozi wa kila kijiwe cha karibu na stendi na ukumbi, mwonyeshe lango la kuingilia, na umpe kadi mbili zenye jina lake. Kwenye daladala za Kiboriloni, KCMC, Soweto na za kupandisha Marangu, omba ruhusa ya mwenye gari uweke karatasi moja nyuma ya kiti cha dereva, pale abiria anapoangalia safari nzima. Karatasi hiyo inaweza kuwa na maneno mengi kuliko bango, kwani msomaji wake ameketi na hana haraka.

Sokoni, marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 imetupatia uwanja mzuri. Wafanyabiashara wadogo hununua mifuko ya karatasi ya kaki kwa ajili ya wateja wao, na gharama hiyo inawauma. Nunua mifuko kadhaa, chonga muhuri mkubwa wenye jina la tukio, siku na mahali, igonge muhuri mwenyewe jioni ukiwa na familia, kisha uwagawie bure akina mama wanaouza vitafunwa, dagaa na viungo. Tangazo lako litaingia jikoni mwa watu, na aliyelipeleka ni muuzaji wao wa kila siku. Kama muhuri una wino unaochuja, badilisha wino kabla hujamgawia mtu yeyote, kwa sababu ni chakula kinachowekwa humo.

Katika nyumba za ibada tahadhari ni muhimu zaidi ya ubunifu. Viongozi wengi hawasomi tangazo la biashara mbele ya waumini, na wana haki. Kwenye sharika nyingi za Kilutheri, hata hivyo, baada ya ibada ya Jumapili hufanyika mnada wa mazao yaliyotolewa sadaka, ndizi, mayai, kuku, na watu hubaki uwanjani wakizungumza. Shiriki mnada ule kwa nia njema na kwa fedha yako. Wanaokufahamu watakuuliza habari za kazi, nawe utawaalika kwa kawaida. Vivyo hivyo, baada ya swala ya Ijumaa, mwalikaji wako ambaye ni mwenyeji wa msikiti huo ndiye anayefaa kuzungumza na wenzake nje, akisha kumtaarifu imamu.

Simu

Watu wengi wa mji huu hutazama hali (status) za WhatsApp za jamaa zao kuliko kurasa za kampuni. Hali hiyo hudumu saa 24, kwa hiyo wapangie waalikaji wako 20 siku na saa moja, tuseme Jumatano saa 2 usiku, kila mmoja aweke picha moja ya kazi pamoja na sentensi yake mwenyewe. Anayefahamiana na watatu kati yao ataona jambo lile lile mara tatu kwa sauti tatu tofauti, naye ataanza kuuliza. Ukitumia orodha ya WhatsApp ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi, kumbuka kwamba orodha moja haizidi watu 256, na kwamba ujumbe humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake, ndiyo maana kadi iwe na maneno, "Hifadhi namba hii."

Ujumbe wa kawaida wa simu bado una nguvu, hasa kwa wazazi wetu walioko milimani. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo, lakini ukiingiza hata kikatuni kimoja cha uso unaocheka, kikomo hushuka hadi 70 na utalipia jumbe mbili au tatu. Huu hapa mfano unaotosha ndani ya ujumbe mmoja: "Shikamoo Mama Neema. Tunakukumbusha maonyesho ya mafundi Jumamosi saa 4 asubuhi, ukumbi ulio nyuma ya Soko la Mbuyuni. Turubai lipo. Ni mimi fundi Baraka." Una salamu, una jina, una alama ya mahali anayoijua, na umemwondolea hofu ya mvua. Jina la barabara na namba ya kiwanja havimsaidii mtu aliyezoea kuelekezwa kwa mnara wa saa, stendi na masoko.

Saa nayo iandikwe kwa uangalifu. Niliwahi kuwaandikia wageni wa kampuni za utalii mwaliko wenye "saa 3:00", nikikusudia saa tatu asubuhi, nao wakafika saa tisa alasiri tulipokuwa tunakunja meza. Kosa lilikuwa langu, na liliniuma, kwa sababu hao ndio waliokuwa na uwezo wa kununua vinyago vyetu kwa jumla. Kwa mwenyeji andika "saa 3 asubuhi". Kwa mgeni ongeza 09:00 kwa hesabu ya saa 24, na usiache kutaja asubuhi.

Redio za hapa, kama Moshi FM, Kili FM na Redio Sauti ya Injili, huwafikia watu wa vijijini ambao kadi zako hazitawafikia. Badala ya kutumia fedha yote kwenye tangazo la sekunde chache, pendekeza mada: namna ya kutambua mbao iliyokauka vizuri, namna ya kutunza kitambaa kisichuje. Ukipewa dakika za kuwajibu wasikilizaji, lijibu kila swali kikamilifu, na tukio ulitaje mara moja tu.

Vibali na heshima ya mji

Moshi ni mji unaojivunia usafi wake, na karatasi zilizobandikwa kwenye nguzo na miti zitakuletea mgambo wa manispaa kabla hazijakuletea mteja. Kabla ya bango, gari la vipaza sauti au meza ya maonyesho barabarani, fika ofisi za manispaa uulize vibali na ada. Gari la matangazo lizime sauti maeneo ya hospitali za KCMC na Mawenzi. Wagonjwa hawahitaji habari zetu. Zawadi zinazotolewa kwa kuchezesha bahati nasibu zinahitaji kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, hivyo ni afadhali kuahidi zawadi ndogo kwa watu 50 wa kwanza kufika. Daftari lako la namba za simu nalo linaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: mwambie kila mtu utaitumia namba yake kwa kazi gani, ifute akiomba, na usiigawe kwa mfanyabiashara mwingine hata akiwa rafiki.

Wiki ya mwisho hadi mlangoni

Siku saba kabla, mwalikaji ampigie simu mwalikwa wake. Siku moja kabla, tuma ujumbe. Asubuhi yenyewe, kama mawingu yamefunika mlima, tuma ujumbe mwingine mfupi wa kuthibitisha kwamba tukio lipo, kwa sababu watu wa tambarare na wa mlimani huamua safari kwa kutazama juu.

Mlangoni weka kijana mwenye daftari lile lile, amkaribishe kila anayeingia kwa jina na kumuuliza, "Nani amekualika?" Jibu aliandike hata kama ni "nimeona kwenye mfuko wa dagaa" au "nimesikia redioni". Jioni hesabuni pamoja na kamati, na msione aibu kufuta njia iliyoleta watu wawili kwa fedha nyingi. Ndani ya siku tatu, mpigie kila mwalikaji ambaye watu wake walifika, mtajie majina yao, mshukuru, na umwachie kadi za kwanza za tukio lijalo.